Kimea cha Naguru

Kisenyi, Kampala
Jumanne, 4 Juni 2024

Mwanangu Jannat,

Salamu zangu zikukute huko Gulu umeamka salama, umekula, na umevaa soksi zile nilizokununulia, si zile zenye matundu. Sisi wa Kisenyi hatujambo. Asubuhi gereji zinagonga mabati, alasiri mvua inapiga mabati, kwa hiyo kimya hatukijui. Paka amezaa dukani ndani ya boksi la kofia, na sina moyo wa kumtoa. Mimi mwenyewe ni mzima kabisa, usiwe na wasiwasi juu yangu.

Ni Bibi yako. Halali wala haamki. Yuko katikati huko, anaelea. Baada ya adhuhuri nikifungua dirisha la chumbani, mwanga unapita kwenye lile pazia la kijani na chumba chote kinakuwa kama kiko chini ya maji, naye kalala pale anatabasamu na watu nisiowaona. Juzi alikuwa Ggaba, kando ya ziwa. Ananiambia, "Nusura, shika viatu vyako, maji yamefika." Na mimi nimesimama juu ya zulia! Jana alikuwa anamvalisha baba yako shati la shule. "Mahmoud, inua mkono. Sasa mwingine." Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi. Kaka yangu tumemzika mwaka wa tatu huu, na bado kuna mtu anamfunga vifungo.

Shida kubwa ni chakula. Daktari amesema Bibi amekonda mno, anahitaji uji mzito wenye nguvu, na bila hivyo hatafika mbali. Aliniambia hayo mlangoni, kwa sauti ndogo. Basi napika uji mzito wa unga wa wimbi. Haumezi. Nikiufanya mwepesi anameza, lakini hayo ni maji tu, vikombe vinaingia na mwili unaisha. Nikimpa ule mzito anauweka mdomoni, anafumba macho, anakaa nao. Anakaa nao, Jannat, mpaka kijiko kinachofuata kinapoa mkononi mwangu! Nadhani anakataa. Nadhani ametuchoka na hataki kuniambia.

Wewe ndiye unayesoma sayansi. Waulize walimu wako kama kuna dawa ya kumfanya mzee ameze. Barua hii nampa kondakta wa basi la Gulu, maana simu shuleni kwenu imekuwa haramu kuliko nguruwe.

Mama yako nasikia yuko hukohuko Naguru. Juu yake sina zaidi.

Shangazi yako,
Nusura


Gulu
Jumapili, 16 Juni 2024, siku ya Idi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na Idi njema kwako na kwa Bibi. Tuko Waislamu wachache hapa. Tumeswali uwanjani, tukapewa soda, kisha tukarudi kufua kama siku zote. Soksi nimevaa. Nimehamia kitanda cha juu karibu na dirisha, na asubuhi naona ukungu umelala kwenye kiwanja cha mpira mpaka magoli yanaonekana yananing'inia hewani. Sitaki kushuka kitandani, lakini kengele haina huruma.

Sasa sikiliza, Shangazi. Bibi hakatai. Bibi anafanya kazi.

Wiki hii Mwalimu Ongom wa biolojia alituambia tuteme mate kwenye neli za kioo. Darasa zima tuliona haya, tukageukia ukuta. Tukachanganya mate yale na maji ya wanga, tukaweka neli kwenye maji ya vuguvugu, na kila baada ya muda tukachota tone na kuliweka kwenye kigae cheupe chenye iodini. Wanga ukiwapo, tone linakuwa buluu nzito, karibu nyeusi. La kwanza lilikuwa jeusi. La pili jeusi. Halafu zambarau, halafu kahawia, halafu iodini ikabaki na rangi yake ya chai, kama vile hakuna kilichowahi kuwapo. Nilitazama mpaka nikasahau kwamba kipindi kimekwisha. Wanga ulikuwa umekwenda, umegeuka sukari, na hakuna mtu aliyeugusa.

Ndani ya mate kuna kitu kinachoitwa kimeng'enya. Mimi namwona kama mfanyakazi mdogo asiyeonekana. Mwilini mwake ana nafasi moja tu, na kipande cha wanga kinaingia pale kama mguu kwenye kiatu chake. Anakikata, anakiachia, anachukua kingine. Yeye mwenyewe hapungui.

Bibi mdomo wake ni mkavu. Mate machache, wafanyakazi wachache. Wewe unampa kijiko kilichojaa, na nakujua, ukishika kijiko unakuwa kama dereva wa teksi anayetafuta abiria wa mwisho. Kazi inakuwa nyingi kuliko mikono. Kwa hiyo anakaa nao mpaka ulegee. Mpe maji kidogo kwanza, aloweshe mdomo. Kisha nusu kijiko. Kisha subiri. Pole, najua kusubiri hukupewa.

Mama ameniandikia. Ameuliza hali ya Bibi.

Mtoto wa kaka yako,
Jannat


Kisenyi
Jumamosi, 29 Juni 2024

Jannat mwanangu,

Nimepokea salamu na matusi yako pamoja. Dereva wa teksi! Ukirudi tutaonana. Idi ilipita vizuri, majirani walileta nyama mpaka friji ikakataa kufungika. Watoto wa paka wamefumbua macho na sasa wananitazama kama mimi ndiye nimeingia dukani kwao. Afya yangu ni nzuri sana.

Nimefanya ulivyosema. Maji kidogo, nusu kijiko, kisha nakaa. Siku ya kwanza nilidhani nitapata wazimu. Siku zilizofuata nikaanza kumwangalia, na kweli, mwanangu, anafanya kazi! Shavu lake linakwenda pole pole chini ya ngozi. Macho kafumba, midomo kafunga, na kule ndani uji unalegea. Halafu koo linapanda na kushuka, na mimi nasema Alhamdulillahi kwa sauti kama mtu ambaye timu yake imefunga goli. Nikikaa hivyo naanza na mimi kuelea. Nyundo za gereji zinasikika mbali, pazia linapumua, na sijui kama ni Juni hii au ni Juni nyingine nikiwa mdogo nimelala kitanda hichohicho.

Lakini nusu bakuli inanichukua tangu adhuhuri mpaka alasiri imeingia, na kabla bakuli halijaisha Bibi yako amelala. Duka nimelifunga. Wateja wamehamia kwa wengine, na wana haki. Kuna kumgeuza, kumwogesha, kufua mashuka, kupika, kusubiri, halafu kumgeuza tena. Sisemi kwamba nimechoka. Nasema tu kwamba mchana umekuwa mfupi.

Hao wafanyakazi wako, hakuna namna ya kuwaongeza? Mate yangu mimi siwezi kumpa, toba! Muulize huyo Mwalimu Ongom, na usinitaje jina.

Shangazi yako,
Nusura


Gulu
Jumanne, 9 Julai 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku joto limeanza na maji ya bomba yanatoka yakipenda. Nimeongoza mtihani wa biolojia, na nimekuwa wa mwisho katika kushona, kwa hiyo jina la ukoo liko palepale. Jana alasiri nililala maktaba nikaota kigae kile cheupe, kikubwa kama uwanja, na Bibi anatembea juu yake, na kila anapokanyaga rangi nyeusi inapauka.

Swali lako nimeuliza, mate yako sikuyataja. Mwalimu Ongom hakujibu kwa mdomo, alitupeleka maabara. Wanga uleule, mate maradufu: rangi ikaondoka kwa nusu ya muda. Wafanyakazi wakizidi, kazi inakwenda mbio. Kisha akasema tufanye kinyume: mate yabaki kiasi kilekile, wanga ndio tuongeze. Mwanzoni wanga ulikuwa mwepesi sana, na kuongeza kukaharakisha kazi, maana wafanyakazi wengine walikuwa wamekaa bure wakitafuta cha kushika. Lakini ikafika mahali kila mmoja ameshika. Tukaongeza wanga tena, na tena, kasi ikabaki palepale. Rundo linakua, mikono ni ileile. Mwalimu akachora mstari ubaoni: unapanda kwa haraka, kisha unainama, kisha unalala. Nimeuota na huo. Nilikuwa natembea juu yake, mwanzo ni mlima kama wa Naguru, halafu tambarare isiyokwisha, na wewe uko mbele yangu umebeba ndoo na huachi kwenda.

Sasa jibu lako. Wafanyakazi wanaongezeka, na si kwa mate. Mbegu ya wimbi ikiota inatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga, ili mche mchanga upate kula. Ukizikausha mbegu hizo na kuzisaga unapata kimea. Pika uji mzito unavyotaka, tia kijiko kidogo cha kimea, na uji utalegea wenyewe bila kuongezwa maji hata tone. Nguvu zote zinabaki ndani. Bibi atakunywa bakuli zima kabla usingizi haujamchukua.

Ndiyo, Shangazi, ni kimea hichohicho cha kupikia pombe ya malwa. Na unajua nani anacho. Mama alipika malwa hata kabla baba hajafariki, na sasa anapika pale kwenye chumba chake karibu na kambi ya polisi ili mimi nisome. Najua pia alichosema Bibi siku ya matanga: "Mkono unaosaga kimea cha pombe hauingii jikoni mwangu." Nilikuwa nimesimama hapo nimeshika sinia. Mama alikuwa mlangoni, ameshavua viatu. Aligeuka akaenda navyo mkononi, hakuvivaa mpaka barabarani.

Lakini uji si malwa, Shangazi. Mama angekupa kimea kizuri kabisa. Mwite tu.

Wako,
Jannat


Kisenyi
Jumamosi, 20 Julai 2024

Wewe mtoto!

Salamu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Hongera ya mtihani. Kushona nitakufundisha mwenyewe, hakuna mwanamke wa nyumba hii asiyejua sindano. Paka hawajambo.

Sasa unataka mimi nikamwambie Bibi yako, na hali hiyo aliyonayo, kwamba nimeleta kimea cha pombe chumbani mwake? Nilikwenda kwa Ustadhi Abdul-Karim wa madrasa nikamweleza pembeni. Akasema, "Nusura, kabla hakijawa pombe ni unga, na mgonjwa ni mgonjwa." Halafu akaniuliza kwa nini nanong'ona.

Lakini Naguru sikupiga simu. Usinisukume. Nilikwenda mwenyewe sokoni Owino, ushungi nimeuvuta mpaka puani, nikanunua kimea kwa mama mmoja ambaye aliniuliza nataka kupika pipa zima au nusu. Nusura bint mwalimu wa Kurani! Nilitamani ardhi inimeze.

Na kwa kuwa sijui kimeshikwa na nani wala kimekaa karibu na kitu gani, nilikisafisha. Nilikikaanga kwenye chuma cha chapati mpaka kikawa na rangi ya kahawa na nyumba nzima ikanukia. Nikakitia kwenye uji unaotokota, nikauacha uchemke vizuri, nikasema Bismillahi. Uji ukabaki mzito. Nikaongeza kijiko. Mzito. Nikaongeza kingine, na kingine, si ulisema wakizidi kazi inakwenda mbio? Jannat, ungeweza kujengea ukuta! Wafanyakazi wako wamelala fofofo, au huyo Mwalimu Ongom anawachezea.

Jana nilikuwa namwosha Bibi yako mkono, pete yake ya ndoa ikateleza ikaviringika chini ya kitanda. Imetoka yenyewe. Kidole kimebaki kama penseli. Nililala chini nikaitafuta kwa fagio, na nilipoipata nikabaki nimelala hapohapo kwenye sakafu, pametulia, pana baridi nzuri, mpaka Bibi yako akaita, "Nani huyo yuko chini ya maji?"

Niko mzima.

Nusura


Gulu
Jumanne, 30 Julai 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo, na pole. Pole sana kwa pete. Habari za shule ni zilezile, nitaziacha.

Umewapika, Shangazi. Wafanyakazi umewapika wote. Kimeng'enya hakivumilii moto mkali. Ile nafasi yake ya kuingizia wanga inaharibika, kiatu kinakunjamana, na mguu hauingii tena. Hapo hata ukitia gunia, gunia la wafu halifanyi kazi. Uji uive kwanza, uutoe jikoni, upoe mpaka uweze kutia kidole bila kukiondoa haraka. Hapo ndipo utie kimea kibichi, kisichokaangwa. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke kidogo kuua vijidudu. Huo ndio wakati wa usafi wako.

Najua kwa nini ulikikaanga. Hukuwa unakikaanga kimea, ulikuwa unaikaanga mikono iliyokishika. Nisamehe, lakini limenitoka na sitalifuta.

Na kuna jambo jingine. Mistari ya barua yako inashuka. Zamani uliandika kama umepigia rula; sasa kila mstari unaanza juu na kuanguka kabla ya ukingo. Unalala sakafuni. Duka limefungwa. Kila barua unaniambia ni mzima, na mimi sikukuuliza. Shangazi, kazi ya Bibi inaongezeka kila wiki, na mikono ni yako miwili tu, yote imeshika. Wewe uko pale mstari unapolala. Ukijihimiza vipi, hutakwenda haraka zaidi. Nimeliona hili kwenye neli, na nimekaa naogopa.

Sitaki kukudanganya. Tangu mwanzo nilitaka kimea kimpeleke mama ndani ya nyumba hiyo. Lakini leo sikuombei mama. Nakuombea wewe, na Bibi ambaye akikosa wewe hana mtu.

Mpigie mama. Namba ni ileile ya baba. Hajaibadilisha.

Jannat


Gulu
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kondakta amepita hapa mara nyingi na hana kitu changu. Nilimwuliza kama duka lako limefunguliwa, akasema hatazami maduka. Siku ya wazazi kutembelea nilikaa ukumbini mpaka viti vikakusanywa. Mama hakuja, na mama hakosi kamwe. Kwa hiyo najua kuna kitu.

Niliota Bibi amesimama ziwani Ggaba, maji yamemfika magotini, mazito kama uji. Nikamwita. Akaniwekea kidole mdomoni, kwamba ninyamaze, yuko kazini.

Kama nilikukosea heshima, nipige nikija. Lakini niandikie. Hata mstari mmoja ulioanguka.

Jannat


Kisenyi
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mwanangu Jannat,

Usishtuke na mwandiko. Maneno ni yangu, kalamu kashika mama yako. Nimemwambia aandike ninachosema bila kutia chumvi.

Jannat, Aciro wangu, ni mimi mama yako. Naandika yote vile anasema. Lakini anasema haraka sana.

Unaona? Hajaandika mstari na ameshaanza kulalamika. Salamu kwanza. Bibi yako yuko hai na anakula. Nimeliweka mbele ili upumue. Watoto wa paka wawili wamehamia kwa Msomali wa kona, wanakula vizuri kuliko mimi.

Sasa mkono wangu. Barua yako ilinifika, nikaikasirikia, nikaiweka chini ya godoro. Siku mbili baadaye nilikuwa nimeegemea meza ya jikoni alasiri, nasubiri uji uive, nikafumba macho kidogo tu. Nikaota niko Ggaba na Bibi yako, nimeshika viatu, maji yananipanda mkononi, ya moto, yananoga. Nilipozinduka, sufuria ilikuwa imenimwagikia mkono wote wa kulia. Na uji mzito, mwanangu, ukikushika haukuachii. Majirani walinikimbiza hospitali, nikafungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nikarudi nikasimama chumbani na mkono mmoja, na Bibi yako ananiambia, "Nusura, mfunge Mahmoud vifungo, anachelewa." Hapo niliishiwa kabisa. Sikuwa mzima, Jannat. Siku nyingi sikuwa mzima.

Nikashika simu kwa kushoto. Kwenye kioo likatokea "Kaka Mahmoud". Jina lake sikuwahi kulifuta. Nilipopiga nikasikia sauti ya mwanamke, nikashindwa kusema. Kisha akasema, "Nakuja." Na mimi sikuwa nimesema neno!

Nilisikia yeye analia. Ndiyo maana nilisema nakuja.

Andika ninachosema mimi. Basi akaja, kimea amekifunga kwenye kitambaa. Akavua viatu, akasimama mlangoni, akagoma kuingia. Nikamwambia ingia. "Mama mwenyewe hajasema." Nikamwambia, Mama hajui aliko, leo yuko Ggaba, kesho yuko shuleni. Akagoma. Mke wa kaka yangu ana kichwa kigumu kuliko cha kaka yangu! Ikabidi nipike mimi kwa mkono wa kushoto, na yeye ananielekeza kutoka mlangoni. Toa motoni. Ngoja. Ngoja tena. Tia kidole. Sasa, kijiko kidogo, koroga, acha.

Nilikuwa nimeacha kijiko kimesimama wima katikati ya uji. Nikakitazama. Kikaanza kuinama, taratibu, bila upepo, bila mkono wa mtu, kikaenda kikalala kwenye ukingo wa sufuria. Nikasahau maumivu. Nikasema, Jannat, wamefika hao! Tukauchemsha kidogo kama ulivyosema, tukaupoza, nikampelekea Bibi yako.

Akaweka mdomoni, akafumba macho. Nikajiandaa kusubiri. Akameza. Pale pale! Akafumbua macho akanitazama, mimi mwenyewe, si mtu wa Ggaba.

"Huu una kimea," akasema.

Nikajua nimekwisha. "Ndiyo, Mama."

Akaomba kijiko kingine. Akameza. Akageuza kichwa kwenye mto, akaangalia upande wa mlango, ambako mwanga wa nje unaingia na mtu anaonekana kivuli tu.

"Nani kasimama pale?"

Mama yako akajibu kutoka hukohuko. "Ni Akwero, Mama. Mke wa Mahmoud."

Gereji ziliacha kugonga, au mimi ndiye niliacha kusikia. Bibi yako akamtazama. Nilidhani anatafuta maneno yale ya matanga. Kumbe siku ile ya matanga yeye bado alikuwa ndani yake, hajatoka.

"Umesimama hapo tangu matanga?" akamwuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Miguu haikuumi? Ingia, mwanangu, ukae."

Aciro, nilisema ndiyo kwa sababu ni kweli. Mimi nilikuwa bado nasimama hapo.

Nimemwacha aandike hilo. Amelia juu ya karatasi, ukiona wino umetawanyika si mimi.

Tangu siku hiyo analala chumbani kwa Bibi yako. Mmoja anamgeuza, mwingine anatandika. Mmoja anapika, mwingine anafungua duka. Kazi ni ileile, lakini jana mchana nililala kitandani kwangu, juu ya mto, na nikaamka nimeota kitu kizuri nisichokikumbuka. Bibi yako bado anaelea, na daktari hajaahidi kitu. Lakini anakula bakuli zima, na pete tumeizungushia uzi, inakaa kidoleni. Sufuria ya malwa iko kwa jirani huko Naguru. Juu ya hilo hatujaelewana, na tutagombana vizuri ukiwapo.

Ijumaa shule ikifunga, basi litakushusha hapa stendi. Usitafute bodaboda ya kwenda Naguru kama ulivyozoea, hakuna mtu kule wa kukufungulia. Vuka barabara tu, uje nyumbani.

Shangazi yako Nusura,
kwa mkono wa wifi yangu